Ada, kadi, mdhamini au mkopo wa halmashauri: kikundi cha vijana kitafute pesa wapi?

Kikao cha kwanza cha mwaka cha kikundi cha vijana hakikosi mtu wa kusema, "Tuandike andiko, tupeleke kwa wafadhili." Mwingine atataka zichapwe kadi za mchango. Wa tatu amesikia halmashauri inatoa mkopo usio na riba na tayari anajua namba ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila wanajibu kabla hawajaulizwa: pesa hiyo inakwenda kulipa nini? Shilingi ya ada, ya mchango na ya mkopo zinafanana zikiwa mkononi tu. Kila moja imekuja na masharti yake, na ikitumika mahali pasipo pake kikundi huvunjika hata kama hakuna aliyeiba senti.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyanzo, panga matumizi kwenye mafungu matatu: yanayojirudia kila mwezi, yanayokuja mara moja kwa mwaka, na yale yanayoweza kurudisha pesa. Tuchukue kikundi cha mfano cha vijana 25 wa mtaa mmoja mjini Tanga, wenye timu ya mpira na siku ya usafi ya Jumamosi, wanaotaka pia mradi wa kukodisha viti na turubai. Bei ni za mfano, wekeni za kwenu.

Kila mwezi: nauli za mechi za nje 60,000, maji, chokaa ya uwanja na dawa za huduma ya kwanza 25,000, makato ya simu na kuchapa barua 15,000, mfuko wa msiba na ugonjwa 25,000. Jumla 125,000, yaani 1,500,000 kwa mwaka.

Mara moja: jezi seti mbili 700,000, mipira mitano 250,000, bonanza la Desemba 550,000. Hapo pia ni 1,500,000.

Yanayozaa: viti vya plastiki 100 kwa 16,000 kila kimoja, na turubai moja la 900,000. Jumla 2,500,000.

Bajeti nzima ni 5,500,000. Ukiitaja kwenye kikao kama namba moja, watu wataogopa na kukimbilia mfadhili. Ukiitaja kwa mafungu matatu, inaanza kuongea.

| Chanzo | Kinafaa kulipia | Kinakuja lini | Kinakula nini |
|---|---|---|---|
| Ada za wanachama | Matumizi ya kila mwezi | Kidogo kidogo, mwaka mzima | Uvumilivu wa mweka hazina |
| Kadi na harambee | Kitu kimoja kinachoonekana | Kwa mkupuo, baada ya wiki kadhaa | Heshima ya kikundi mtaani |
| Mdhamini | Vifaa vinavyobeba jina lake | Akiamua yeye | Uhuru kidogo |
| Mauzo ya siku moja | Kuziba pengo dogo | Siku hiyohiyo | Nguvu za wachache |
| Mkopo wa halmashauri | Mradi unaorudisha pesa | Baada ya mchakato mrefu | Amani, mradi ukilala |

Ada

Ada ndiyo chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote na ndicho pekee mnachokimiliki. Hesabu ya juujuu inapendeza: watu 25 kwa 5,000 ni 125,000, sawasawa na matumizi ya mwezi. Ila nani amewahi kuona kikundi ambacho watu 25 wote wanalipa? Chukueni daftari la mwaka jana, tazameni waliolipa kweli kwa miezi sita mfululizo, na hao ndio mpige hesabu nao. Kama ni 18, mapato yenu ni 90,000 kwa mwezi, na bajeti ya kila mwezi lazima ishuke hadi hapo. Katika mfano wetu nauli inakatwa nusu, iwe 30,000 kwa kucheza zaidi nyumbani, na uchapaji unashuka hadi 10,000. Ukijumlisha maji na chokaa pamoja na mfuko wa msiba inakuwa 90,000 kamili. Mfuko wa msiba nisingeugusa. Siku mwanachama anafiwa na kikundi kimekuja mikono mitupu, ada ya mwezi unaofuata msiitegemee.

Kuna jambo ambalo vikundi vingi hawalifikirii, nalo ni mwendo wa ada. Elfu tano mwisho wa mwezi ni ada ya mtu mwenye mshahara. Dereva wa bodaboda, kinyozi na kijana wa mitumba wanapata kwa siku, na ikifika tarehe 30 hiyo elfu tano imeshalala kwa mwenye nyumba. Kwao 1,250 kwa wiki ni pesa ileile isiyouma. Kikundi chenye watu mchanganyiko kiruhusu njia zote mbili, mweka hazina aandike tu nani yuko upande gani.

Na ada msiichanganye na mchezo, yaani upatu. Kwenye mchezo kijumbe anakusanya na mtu mmoja anaondoka na fungu lote kwa zamu. Ni njia nzuri ya kujiwekea akiba, lakini kikundi hakibaki na kitu.

Pesa ikishakusanywa ikae wapi? Hapa ugomvi mwingi huanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni sanduku la kufuli tatu, linalojulikana kwa watu wa vikoba na vikundi vya hisa. Utaratibu huo ulianza na akina mama wa Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, na umesambaa Afrika nzima kwa sababu hauhitaji umeme wala mtandao: funguo tatu kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne, na hufunguliwa mbele ya kikao tu. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaona noti. Ubaya wake ni kwamba jirani naye anajua liko nyumba gani. Linafaa kikundi kinachokutana kila wiki na kisicholaza pesa nyingi.

Njia ya pili ni mkoba wa kikundi kwenye simu. Vodacom na benki ya TPB, sasa TCB, walianzisha M-Koba mwaka 2019 kwa vikundi vya namna hii: mwanachama anachangia kwa simu yake, na pesa haitoki mpaka wale mliowachagua waidhinishe. Kwa vijana waliotawanyika, mmoja Tanga mwingine kapata kibarua Morogoro, hii inalishinda sanduku. Ulizeni makato kwanza, muyaingize kwenye bajeti, na hakikisheni walio kwenye mitandao mingine hawaachwi nje.

Ya tatu ni akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Ni nzito, ina barua na mihuri na foleni, lakini mkitaka mkopo wa halmashauri au pesa ya shirika lolote mtaihitaji, kwa hiyo ifungueni mapema hata kama itakaa na salio dogo.

Ya nne, ambayo ndiyo inayotumika zaidi mitaani, ni namba binafsi ya mweka hazina. Hata awe mwaminifu namna gani, siku simu imepotea au yeye amelazwa, kikundi kimesimama. Sioni hali hata moja ambayo njia hii ni bora kuliko zile tatu.

Mkiona pesa imekaa na mmoja akapendekeza mkopeshane kwa riba ndogo, jueni mmeingia kwenye kazi nyingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kukopeshana kwenye daraja la nne na inataka visajiliwe kwa kazi hiyo. Timu ya mpira haina sababu ya kubeba mzigo huo katika mwaka wake wa kwanza.

Kadi, mnada na mgeni rasmi

Mchango una nguvu ya ajabu kwetu. Watu wanaolalamikia michango ya harusi ndio haohao wanaoitoa. Lakini mchangiaji wa nje hatoi kwa ajili ya nauli zenu wala bando la katibu. Anatoa kwa kitu anachoweza kukiona akipita: mipira, tangi la maji la uwanja, meza za darasa la jioni. Kadi iliyoandikwa "kusaidia maendeleo ya kikundi" ni kadi ya kuwekwa kabatini. Iliyoandikwa "mipira mitano, 250,000" ina swali ambalo mtu anaweza kulijibu: "Mmoja ni shilingi ngapi?"

Pigeni hesabu ya baki, si ya makusanyo. Vijana 25 wakibeba kadi nne kila mmoja ni kadi 100. Kuchapa kwa 300 ni 30,000. Kama zitarudi 45 zenye wastani wa elfu kumi, mmekusanya 450,000 na mmebaki na 420,000. Tangazo la WhatsApp halina gharama ya kuchapa, lakini halina pia macho ya mtu anayekusubiri mlangoni, na ahadi za humo hupenda kubaki ahadi. Bajeti iandike taslimu tu. Ahadi ziwe na ukurasa wake.

Mnada wa baada ya ibada, ule wa kuku, mkungu wa ndizi na keki inayonunuliwa mara tatu na kurudishwa, unakusanya haraka kuliko kadi na unachekesha. Kama kikundi ni cha vijana wa kanisa, ndiyo njia ya kwanza ningeijaribu. Nje ya kanisa hauna ule moto.

Bonanza linahitaji uangalifu, kwa sababu watu huliandika upande wa mapato. Tuone: gharama ni 550,000, ikiwemo mbuzi wa mshindi, spika, waamuzi na maji. Timu nane kwa kiingilio cha 50,000 ni 400,000. Meza sita za mama lishe na wauza vinywaji kwa 15,000 ni 90,000. Jumla 490,000, pengo 60,000. Hilo ni tukio linalokaribia kujilipia, na ni sababu tosha ya kulifanya, lakini halinunui jezi za mtu.

"Na mgeni rasmi je?" Kwenye bajeti andikeni sifuri. Akitoa, shukuruni na muamue kwenye kikao. Mgeni njoo mwenyeji apone ni maneno ya mlangoni, si ya daftari la mweka hazina. Mwaka wa uchaguzi una hatari zaidi: Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inakataza zawadi za kushawishi wapiga kura, na kikundi kilichopokea jezi za mgombea kinaweza kujikuta kinahojiwa pamoja naye. Kenya nako harambee imeleta mjadala. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki na kutoa kwenye harambee. Kikundi kinachomtegemea mheshimiwa hakijui tangazo la namna hiyo litakuja lini.

Jambo moja la pembeni: kuna wanaopenda kuuza tiketi za bahati nasibu, zawadi ni simu. Hiyo ni michezo ya kubahatisha, na inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Uzeni pilau.

Msimu nao una maana. Januari ni ya ada za shule, msipeleke kadi. Mtwara na Lindi, pesa ya korosho huanza kuzunguka minada ikifunguliwa kuanzia Oktoba. Pwani, wiki za mwisho za Ramadhani watu wako kwenye futari na nguo za Idi.

Mdhamini, na mauzo ya siku moja

Haya mawili tuyapitie upesi. Mdhamini wa mtaani, kama mwenye duka la vifaa vya ujenzi au mwenye kituo cha mafuta, hutoa kitu kwa urahisi kuliko pesa: seti ya jezi yenye jina la duka kifuani. Mpelekeeni bei ya fundi na mchoro wa jezi, asianze kufikiri upya. Shirika kubwa ni habari nyingine: litataka usajili, katiba, akaunti, taarifa za miezi mitatu na risiti ya kila chupa ya maji. Kama hamna mtu wa kuandika taarifa hizo, pesa hiyo itawatesa.

Mauzo ya siku moja, iwe supu ya asubuhi au kuosha magari, yanafaa pengo la elfu sitini au themanini. Zaidi ya hapo mtakuta ni wasichana watatu walewale wanaoamka saa kumi usiku kukatakata vitunguu, na wengine wanafika saa nne kuonja. Kama mtafanya, zamu ziandikwe.

Mkopo wa asilimia kumi

Tanzania Bara, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kilichokuwa agizo kiliingia kwenye sheria mwaka 2018, kupitia kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji kwa sababu ya pesa kutorejeshwa na vikundi hewa, kisha mikopo ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Maana yake kwenu ni kwamba uhakiki sasa ni mkali, na andiko la kunakili la kikundi jirani halitapita.

Kutokuwa na riba kunawadanganya watu wengi wakadhani ni pesa rahisi. Rejesho halijali kama mvua imenyesha. Jezi hazirudishi hata mia, kwa hiyo mkopo usiguse jezi, bonanza wala nauli, hata kwa "kuazima wiki moja". Na deni ni la kikundi: wakikimbia kumi, kumi na tano waliobaki wanalipa lote. Kenya, mkopo wa vikundi wa Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, uliozinduliwa Juni 2023 una riba ya asilimia 7 kwa mwaka, na swali la kujiuliza ni hilohilo.

Tupime viti na turubai. Viti 100 kwa 400 ni 40,000 kwa tukio, turubai 50,000. Toa 20,000 ya guta na posho ya wafungaji, inabaki 70,000. Mkopo wa 2,500,000 unahitaji matukio 36 ili urudi. Mkipewa mwaka mmoja, rejesho ni kama 208,000 kwa mwezi, yaani matukio matatu kila mwezi bila kukosa, vyote vikikodishwa. Sasa zungukeni mtaani mhesabu: msikiti una viti, kanisa lina viti, tawi la chama lina viti, na yule mama wa kona anavyo mia mbili. Ramadhani harusi za pwani husimama. Kama mtapata matukio mawili kwa mwezi, mnaingiza 140,000 na mnadaiwa karibu 68,000 zaidi, na hizo zitatoka kwenye ada. Wale 18 waliokuwa wakilipa wataanza kupungua, na hamtakuwa na wa kumlaumu.

Turubai lina sura tofauti, kwa sababu wenye viti ni wengi kuliko wenye turubai zima lisilovuja. Peke yake linaingiza 35,000 kwa tukio baada ya kutoa 15,000 za guta na posho.

Kwa kikundi chetu cha Tanga

Ningewapangia hivi. Ada ya watu 18 inabeba 90,000 za kila mwezi, basi. Jezi seti moja inatafutiwa mdhamini mwenye duka. Seti ya pili inasubiri mwakani, za zamani zifuliwe. Kadi zinakwenda nje kwa jina la mipira, na kwenye kadi yenyewe muandike kwamba kitakachozidi kinaanzisha mradi. Kati ya 420,000 zinazobaki, 250,000 ni mipira na 60,000 zinaziba pengo la bonanza. 110,000 zinawekwa benki, kwenye akaunti iliyofunguliwa tangu Februari.

Viti viachwe. Turubai ni 900,000. Mnazo 110,000, ombeni mkopo wa 790,000. Kwa 35,000 ni matukio 23. Mawili kwa mwezi, deni linakwisha ndani ya miezi 12, na tukio la 24 ndilo la kwanza ambalo pesa yake yote haina mwenyewe mwingine. Kabla ya kusaini, mtu mmoja aende kwa wapambaji na wapishi wa mtaa na daftari, aulize mwaka jana walikodi turubai mara ngapi na kwa nani.